Kitindamlo cha Matunda kwenye Chungu cha Umeme, Bila Kukizamisha kwa Sukari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chombo kinachozungumziwa hapa ni kile cha umeme chenye bakuli zito la udongo ndani na mfuniko wa kioo juu, kinachopika polepole kwa saa kadhaa. Kuanzia hapa nitakiita chungu tu.

Je, chungu hiki kinafaa kweli kwa kitindamlo?

Kwa matunda, ndiyo, tena sana. Kwa keki nina mashaka yangu. Mmarekani Irving Naxon alipewa hataza ya chombo hiki mwaka 1940, akakiuza kwa jina la Naxon Beanery, kikiwa jiko la kupikia maharage. Kampuni ya Rival ilinunua biashara hiyo kutoka kwake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot. Asili hiyo ya maharage bado inaonekana: chungu kinapenda kitu kigumu kiasi, chenye maji, kisichodhurika kwa kukaa motoni muda mrefu. Tofaa na peasi ni vitu vya namna hiyo.

Kisichoweza ni kukausha na kupiga rangi. Joto la ndani halivuki kiwango cha maji kuchemka, nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali sukari ya kawaida huanza kuwa karameli kwenye takriban nyuzi 160. Kwa hiyo usitarajie ukoko wa kahawia juu ya matunda yako ndani ya saa mbili. Ukoko huo tutaupata kwingine.

"Chenye afya zaidi" maana yake ni nini hapa?

Maana yangu ni ndogo na inapimika: sukari kidogo ya kuongeza, nyuzinyuzi nyingi, na mafuta yanayotoka kwenye njugu au kijiko kimoja cha siagi badala ya robo kilo yake.

Shika hesabu hii. Kikombe kimoja cha sukari nyeupe kina gramu 200. Kikiingia kwenye chungu cha watu wanane, kila mmoja anakula gramu 25 za sukari juu ya ile ya matunda yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Yaani bakuli moja limemaliza mgao wa siku nzima, na chai bado hajanywa.

Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi katika kundi hilo la sukari huru. Iliyomo kwenye asali, sharubati na juisi inahesabiwa.

Kwa nini cha kwangu kila mara hutoka majimaji?

Hili ndilo swali lenyewe, na ukilitatua, maswali mengi ya sukari yanajijibu. Tofaa lina maji zaidi ya asilimia 80. Kwenye oveni, sehemu kubwa ya maji yanayotoka hupanda na kupotea. Kwenye chungu mvuke unagonga mfuniko, unakuwa matone, unarudi chini. Mwisho wa mapishi una matunda yanayoelea kwenye maji matamu kidogo tu. Mpishi anaonja, anaona hakina ladha, anaongeza sukari. Tatizo halikuwa utamu, ni maji yaliyouzimua.

Kwanza, usiongeze maji. Matunda mabichi yaliyokatwa yanahitaji vijiko viwili vitatu tu vya maji chini, vya kuyashikilia mpaka yaanze kutoa yake. Mapishi yanayodai kikombe kizima cha juisi yapuuze.

Pili, tandika kitambaa safi cha pamba kati ya bakuli na mfuniko kiyanyonye yale matone. Pembe za kitambaa zikunje zikae juu ya mfuniko, zisining'inie kwenye ubavu wa chungu, maana ubavu huo unapata moto. Na unapofunua, inua mfuniko ukiwa umelala kama ulivyo, usogeze pembeni kwanza, ndipo uuinamishe. Ukiuinamisha juu ya bakuli, utaona mkondo mzima wa maji ukishuka kwenye pembe moja na kuingia humo humo ulimokuwa ukijaribu kukausha.

Tatu, na hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote: matunda yakiiva, mimina maji yake yote kwenye sufuria ndogo, uyachemshe kwa moto mkali bila mfuniko mpaka yabaki theluthi. Dakika 10 hivi zinatosha. Mapovu yakianza kuwa makubwa na mazito, na kijiko kikichovywa kinatoka kimepakwa utando unaong'aa, zima moto. Hiyo ni sharubati ya tunda lenyewe, na hakuna punje ya sukari iliyoingia. Irudishe juu ya matunda.

Ukitaka mkato, koroga kijiko kimoja kikubwa cha wanga wa mahindi na viwili vya maji baridi, uumimine katika nusu saa ya mwisho moto ukiwa juu. Usiutie mwanzoni, ukipikwa saa nyingi pamoja na kitu kichachu unapoteza nguvu na mchuzi unarudi kuwa mwepesi. Mbegu za chia nazo zinafanya kazi, ila zinaacha vinyuzi vya utelezi ambavyo si kila mtu anavipenda.

Nitumie matunda gani?

Matofaa magumu yenye uchachu kidogo, kama Granny Smith, Braeburn au Honeycrisp, hubaki vipande. McIntosh na Bramley huyeyuka na kuwa rojo, jambo ambalo si baya kama rojo ndilo unalolitaka. Mimi huchanganya aina mbili: gumu kwa ajili ya kutafuna, tamu kwa ajili ya kuliokoa lile chachu.

Peasi chagua ambazo hazijalainika. Bosc huvumilia vizuri. Pichi na plamu zinaiva upesi, kwa hiyo zipe nusu ya muda wa matofaa. Nanasi ni jasiri, halivunjiki ovyo. Embe lililoiva sana litakuwa uji. Tumia ambalo bado linasimama ukilibonyeza. Beri zitie mwishoni. Ndizi nazo, dakika 20 au 30 za mwisho tu, zikikaa zaidi zinakuwa kijivu na hazivutii machoni.

Tunda lililoiva lina utamu wake. Ndizi, kwa mfano, wanga wake unageuka sukari kadiri maganda yanavyoingia madoa. Ukinunua tunda bichi ukalipika, utalipa deni hilo kwa sukari.

Nimenye au nisimenye?

Usimenye, isipokuwa ganda ni gumu au lina nta nyingi isiyotoka. Tofaa la wastani likiwa na ganda lina kama gramu 4 za nyuzinyuzi, na ukilimenya unapoteza sehemu kubwa ya hizo. Ganda pia linakishika kipande kisisambaratike. Kama watu wako wanalalamikia maganda, kata vipande vidogo zaidi. Linalokera mdomoni ni ule mkanda mrefu wa ganda uliojikunja. Osha kwa maji yanayotiririka huku unasugua kwa mkono.

Moto wa chini au wa juu, na kwa muda gani?

Kwenye vyungu vingi moto wa chini na wa juu huishia karibu na joto lile lile, chini kidogo ya kuchemka. Tofauti ni kasi ya kufika huko. Matofaa yaliyokatwa vipande vya unene wa sentimita mbili yanataka saa mbili na nusu hadi tatu na nusu kwa moto wa chini, au saa moja na nusu hadi mbili kwa moto wa juu. Matofaa mazima yaliyotobolewa katikati na kujazwa njugu na tende yanataka saa mbili hadi tatu kwa moto wa juu, kutegemea ukubwa.

Vyungu havifanani, vipya vingi vina moto mkali kuliko vya zamani. Usiamini saa, amini kisu. Baada ya kama saa moja utaona mapovu madogo pembezoni tu, na kingo za vipande zinaanza kupitisha mwanga. Choma kipande cha katikati ya bakuli, si cha ukingoni, kwa sababu ukingoni huiva kwanza. Kisu kikipita kwa upinzani mdogo, zima; moto uliobaki kwenye udongo utamalizia. Lakini usichunguliechungulie, maana kila ukifunua unatoa joto ambalo litachukua dakika 20 au zaidi kurudi.

Jambo jingine linaloamua ulaini ni uchachu. Juisi ya limau inachelewesha kuvunjika kwa pektini, ile gundi inayoshikilia kuta za tunda. Ndiyo maana matunda yaliyonyunyiziwa limau hubaki na umbo. Limau pia huzuia tofaa kuwa jeusi ukiwa bado unakata.

Nipe basi pishi moja la kuanzia.

Kwa watu sita: kilo moja na robo ya matofaa na peasi mchanganyiko, yasiyomenywa, yaliyotolewa mbegu na kukatwa. Vijiko viwili vikubwa vya juisi ya limau. Tende tano zilizokatwa vidogo sana. Kijiti kimoja cha mdalasini, iliki tatu zilizopasuliwa, chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili, na vijiko vitatu vikubwa vya maji.

Changanya kila kitu ndani ya bakuli la chungu, tandika kitambaa, funika, moto wa chini. Saa mbili na nusu zikipita anza kupima kwa kisu. Yakiiva, mimina maji uyapunguze kwenye sufuria kama nilivyoeleza. Vanila itie mwisho kabisa, kijiko kimoja cha chai, kwa sababu harufu yake inapotea ikikaa motoni. Onja kikiwa vuguvugu, siyo kikiwa cha moto wa kuunguza. Ukiona bado kinahitaji utamu, ongeza kijiko kimoja cha sukari, si kikombe. Watu wengi hawatakihitaji.

Hakikisha bakuli limejaa nusu hadi robo tatu. Likiwa na matunda kidogo sana, pembezoni huungua kabla ya katikati kuiva.

Na ule ukoko mkavu wa juu?

Upike kando. Mapishi mengi yanakuambia utandaze mchanganyiko wa unga, siagi na sukari juu ya matunda ndani ya chungu. Matokeo yake ni kinyunya kilicholowa, na ili kisilowe sana wanaongeza siagi na sukari zaidi.

Weka kikaango kwenye moto wa wastani. Tia kijiko kimoja kikubwa cha siagi au mafuta, kikombe kimoja cha oti nzima zilizobapwa, nusu kikombe cha lozi au korosho zilizokatwa, na chumvi kidogo. Koroga bila kuacha. Dakika tatu za kwanza hakuna kinachotokea, kisha ghafla harufu ya njugu inapanda na kingo za oti zinaanza kuwa kahawia. Hapo una dakika moja mbili tu kabla hazijaungua. Mimina kwenye sahani ipoe, na hapo ndipo inakuwa kavu na ya kukwaruza. Nyunyiza wakati wa kula, si kabla. Oti zina nyuzinyuzi aina ya beta-glukani, ambazo zinasaidia kushusha kolesteroli, na kwenye kikaango hazidai sukari yoyote.

Asali si bora kuliko sukari?

Ina ladha bora, hilo sipingi. Kiafya tofauti ni ndogo kuliko inavyovumishwa. Kijiko kikubwa cha asali kina kama kilokalori 64, cha sukari kina kama 50, kwa sababu asali ni nzito. Faida yake ni kwamba ni tamu zaidi, kwa hiyo unaweza kutumia kidogo, kama kweli utatumia kidogo. Sina subira na mapishi yanayojitangaza "bila sukari" halafu yanamwaga nusu kikombe cha asali. Ukiitumia, itie mwishoni, juu ya bakuli lako, ambapo ulimi unaiona. Ikipotelea ndani ya chungu utaitia mara mbili.

Tende na zabibu kavu?

Ni tunda zima, zinakuja na nyuzinyuzi zake, na zinayeyukia kwenye mchuzi na kuufanya mzito. Lakini ni sukari iliyokolezwa: zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari. Tende tano kwa watu sita ni kiungo. Tende ishirini ni sukari kwa jina jingine.

Na vile vitamu visivyo na kalori?

Aspatamu hupoteza utamu ikipikwa muda mrefu, kwa hiyo kwenye chungu ni hasara tupu. Stevia inavumilia moto, ila ina uchungu wa nyuma ya ulimi ambao matunda chachu huuanika zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu vya aina hizi visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Zailitoli, kitamu kingine kinachotumika badala ya sukari, ni kundi jingine, na kama una mbwa nyumbani iweke mbali naye kabisa, kwake ni sumu.

Viungo gani vinasaidia kupunguza sukari?

Mdalasini, vanila na iliki hufanya ulimi uhisi utamu usiokuwapo, kwa kuwa tumezizoea ndani ya vitu vitamu. Chumvi kidogo hufunika uchungu wa maganda. Maganda ya chungwa yaliyokwanguliwa, rangi ya juu tu bila ule weupe, hutoa harufu inayobeba sahani nzima. Karafuu mbili zinatosha. Tano zitakupa dawa ya meno.

Mdalasini wa kijiti ni bora kuliko wa unga kwa mapishi marefu, wa unga hugeuza mchuzi kuwa tope. Ukiupika mara kwa mara na kwa wingi, tafuta wa Ceylon, kwa kuwa ule wa kasia una kumarini, kemikali ambayo ikizidi huweza kulidhuru ini.

Joto lenyewe ni kiungo. Chakula cha vuguvugu huonekana kitamu kuliko kile kile kikiwa baridi, kwa hiyo kile kilicholala kwenye jokofu kipashe moto kabla ya kukihukumu.

Vitamini haziishi kwa kupikwa saa zote hizo?

Vitamini C inapungua, kwa joto na kwa kuyeyukia kwenye maji. Ile iliyoyeyuka na ikasalimika imo kwenye mchuzi, sababu nyingine ya kutoumwaga. Nyuzinyuzi na potasiamu zinabaki. Ukitaka vitamini C ya hakika, weka vipande vichache vya tunda bichi juu wakati wa kula.

Naweza kupika na maziwa au krimu?

Maziwa yakikutana na uchachu na moto wa saa nyingi hukatika, yanakuwa chembechembe. Weka mtindi mzito usiotiwa sukari kwenye bakuli baada ya kupakua. Uchachu wake na matunda ya moto vinapatana vizuri, na unapata protini.

Mgonjwa wa kisukari anaweza kula?

Sukari ya tunda bado ni sukari kwenye damu, hata kama hukuongeza kitu. Kiasi ndicho kinachoamua: bakuli dogo, maganda yakiwepo, mtindi na njugu juu, tende zikiachwa nje. Tunda lililobaki vipande ni bora kuliko lililosagwa. Anayetumia dawa za kushusha sukari amuulize daktari wake sehemu hii iingie vipi kwenye mlo wake.

Na watoto wadogo?

Rojo la matofaa lisilo na sukari ni chakula kizuri cha mtoto aliyeanza kula. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata iliyopikwa: mbegu za bakteria wa botulizimu hazifi kwa joto la chungu. Njugu nzima ziwekwe mbali na walio chini ya miaka mitano kwa hatari ya kuwapalia, zisage.

Matunda yaliyogandishwa au ya kopo je?

Yaliyogandishwa yanatoa maji mengi zaidi. Yaache yayeyuke ndani ya chujio kwanza, maji yake uyapunguze kwenye sufuria. Ya kopo nunua yaliyo kwenye maji au juisi yake, chuja, na usiyape zaidi ya dakika 40, tayari yamepikwa kiwandani. Bakuli la udongo lililotoka kwenye jokofu usilitie kwenye chungu chenye moto, litapasuka.

Kinakaa siku ngapi?

Kihamishie kwenye vyombo vya kina kifupi ndani ya saa mbili baada ya kuzima, kiingie kwenye jokofu. Siku tatu hadi nne ni salama, kwenye friza miezi miwili mitatu, ingawa vipande vitalainika. Kukipasha moto tumia sufuria au maikrowevu. Chungu hupanda joto polepole mno kwa kazi hiyo.

Nimekisahau, matunda yamekuwa uji. Nimwage?

Hapana, endelea nayo. Toa vijiti na iliki, ponda kwa mwiko au kwa blenda, kisha pandisha moto uwe wa juu. Laza mpini wa mwiko wa mbao kwenye ukingo wa bakuli ili mfuniko ukae wazi kidogo na mvuke utoke. Koroga kila nusu saa, ukikwangua pembeni ambako hushika kwanza. Baada ya saa mbili tatu rangi itakuwa ya kahawia iliyokolea, na ukiburuta kijiko chini ya bakuli, njia yake itakaa wazi kidogo kabla ya kujifunga. Hiyo ni siagi ya matofaa, ya kupaka kwenye mkate au kukoroga kwenye uji wa asubuhi. Kwa kuwa haina sukari ya kuihifadhi, iweke kwenye jokofu na uimalize ndani ya wiki, au uigandishe kwenye vyombo vidogo.